Lenzi ya "jicho la binadamu": msinunue 50mm kabla hamjasoma hapa

Mwezi jana nimenunua lenzi ya 50mm f/1.8 (mm zikizidi, picha inazidi kubana) ya kutumia kwenye kamera yangu ya Canon 70D, muuzaji kaniambia dada hii ndo jicho la binadamu lenyewe, hebu chungulia kwa jicho moja na lingine liache wazi, na kweli, watu wa ng'ambo ya barabara nikawaona saizi ileile kwa macho yote mawili. Nikalipa. Jumapili niko kwa mama, nataka kumpiga picha bibi amesimama sebuleni, narudi nyuma mpaka mgongo umegusa ukuta na miguu yake bado haijaingia.

Jamani lile jaribio la macho mawili linapima kidirisha cha kuchungulia, halipimi picha! Kidirisha cha 70D kinakuza mara 0.95 na hiyo namba inapimwa ikiwa imefungwa 50mm, kwa hiyo lazima vitu vifanane na unavyoviona kwa jicho tupu, hata kama pembeni kote kumekatwa. Picha inaamuliwa na sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Sensa ya fulu fremu, ile kubwa yenye saizi ya filamu ya zamani ya 35mm, kona hadi kona ni kama 43mm, ya 70D, ile ndogo inayoitwa kropu, ni 27mm, na lenzi inayokaribia hicho kipimo ndo inakupa mtazamo wa kawaida. 50mm kwenye kropu ya Canon ni sawa na 80mm kwenye fulu fremu, hiyo ni ya kupigia sura, mtu aingie kichwa hadi miguu na nafasi kidogo juu na chini, kamera ikiwa wima, unahitaji kama mita 4 na nusu. Sebule ya nani hiyo?

Kwa hiyo namba moja kwangu ni Canon EF-S 24mm f/2.8 STM, mimi ni mtu wa Canon na sifichi. Mita 2 na kidogo tu bibi anaingia mzima, ina gramu 125, na unasogelea kitu mpaka sentimita 16, yani hata sahani ya pilau mezani unaipiga umekaa palepale. Ila kwenye fulu fremu haifungi, huko chukua namba mbili yangu, EF 40mm f/2.8 STM, iko karibu zaidi na 43 kuliko hiyo 50 wanayoisifia wote.

Namba tatu Nikon 35mm f/1.8G DX, kwenye kropu ya Nikon inatoa kama 52mm ya fulu fremu, nzuri ila chumbani inabana kidogo. Yongnuo 35mm f/2 kama hela ni ndogo.

Kabla hujatoa hela, chukua ile 18-55 iliyokuja na kamera, iweke 24, simama palepale unapopigia picha siku zote, halafu iweke 50. Mimi hakuna aliyeniambia. Nimerudi dukani siku ya tatu, boksi lipo, risiti ipo, muuzaji ananiambia dada umeshaitumia hii, tukurudishie nusu, na wakati naongea naye ileile 50mm anampa kijana mwingine mwenye kamera ya kropu, anamwambia chungulia, jicho lingine liache wazi.