Mahakama ya Mwanzo kwa deni la sherehe: maoni ya mkodisha maturubai

Nakodisha maturubai, viti na meza, na mtu akitaka chakula napika pia. Ni kazi yenye madeni mengi kuliko faida, kwa hiyo wenzangu wa biashara hii wananiuliza sana kama Mahakama ya Mwanzo, ile ya ngazi ya chini kabisa, inafaa kwa deni la kawaida au ni kwenda kupoteza nauli. Mimi niliitumia hapa Dar es Salaam kwa bakaa ya harusi, shilingi 1,850,000. Inafaa, ila mtu aende akijua inafaa sehemu gani.

Mdaiwa wangu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi, mjomba wa bwana harusi. Yeye ndiye aliyenipigia simu, akapatana bei, akalipa advansi na kusaini karatasi ya oda. Harusi ikapita salama, watu wakala wakashiba. Nilipomfuata kwa ajili ya bakaa, akaniambia michango haikutimia na kamati yenyewe imeshavunjwa. Kuvunjwa ilivunjwa kweli, tena kwa sherehe ya vunja kamati, na mbuzi mzima mezani. Picha niliziona kwenye stetasi ya jirani yangu. Huyo mbuzi michango yake ilitimia.

Nilianzia serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa alituita wote wawili, akatukalisha kwenye benchi moja, akamwacha mzee aongee mpaka amalize.

"Mama, mimi nilikuwa mtumishi tu wa kamati," ananiambia.

Mwenyekiti akachukua ile karatasi ya oda, akaisogeza mbele yake. "Sawa mzee wangu. Na hii saini ni ya nani?"

Akakiri ni yake. Tukaandikishana: deni ni kiasi gani, atalipa kwa awamu, saini zetu, mashahidi wawili, mhuri juu. Akalipa laki tatu. Baada ya hapo simu ikawa inaita tu.

Wengi wakifika hapo wanasema usuluhishi wa mtaani hauna meno, na karatasi wanaitupa. Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Usuluhishi ule haukunipa hela yangu yote, lakini ulinipa kitu ambacho sikuwa nacho mwanzo: mdaiwa amekiri deni kwa mkono wake, mbele ya watu, na amelipa sehemu yake. Nilipofika mahakamani, karatasi hiyo ilinisaidia kuliko meseji zote za WhatsApp nilizokuwa nimezichapisha stesheneri.

Kufungua shauri hakukunisumbua. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya fedha na mali zinazohamishika hadi shilingi milioni 30, kwa hiyo madeni yetu ya maturubai yanaenea humo bila shida. Kila kitu ni Kiswahili, kuanzia maombi mpaka hukumu, na hilo halikusubiri mabadiliko ya sheria ya 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote, huku chini ndivyo ilivyokuwa siku zote. Niliandika madai yangu, karani akayapitia, akanipa kontroo namba, nikalipa ada kwa simu palepale. Wakili sikuhitaji. Zamani mawakili hawakuruhusiwa kabisa mahakama hizi. Tangu 2021 wanaweza kusimama ikiwa anayesikiliza ni hakimu mkazi, yaani hakimu mwenye shahada ya sheria, lakini kwa deni lenye karatasi sioni sababu ya kugawana na wakili hela ambayo bado hujaipata.

Nisichokipenda ni kusubiri. Unaamka alfajiri, unafunga duka, unafika unaambiwa hakimu ana kikao, njoo tarehe nyingine. Hakuna anayekutumia hata ujumbe mfupi. Unakaa kwenye korido na watu wa mirathi na talaka, kila mmoja na bahasha yake ya kaki, na ukitoka kwenda kununua maji unahofia kuitwa wakati haupo. Kwa mtu wa biashara ndogo hiyo ndiyo gharama yenyewe, ada ni cha mtoto.

Usikilizaji ukianza, mambo yanakwenda. Hakimu wetu alikuwa anaandika kwa mkono kila ninachosema, kwa hiyo unajifunza kusema polepole na kwa ufupi. Kisha anakusomea, unasaini. Nilikuwa shahidi wa kwanza, kijana wangu aliyefunga turubai akawa wa pili. Mzee akaleta hoja yake ileile ya kamati. Hakimu akamuuliza kama kamati ilisajiliwa popote. Haikusajiliwa. Akamuuliza kama mahali popote kwenye oda ameandika kwamba anasaini kwa niaba ya wengine. Hakuandika. Hukumu ikawa alipe 1,550,000 iliyobaki pamoja na gharama za shauri. Wanakamati walioahidi michango wasitoe, hao awadai yeye mwenyewe. Aliambiwa pia kwamba ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Hakukata.

Sasa hapa ndipo wengi hukwama. Ukishinda, mahakama haikupelekei hela nyumbani. Mdaiwa asipolipa, ni wewe unayerudi na nakala ya hukumu kuomba kukaza hukumu, yaani mahakama imlazimishe kulipa, na ni wewe unayepaswa kujua ana mali gani. Nguo zake, vitanda na vyombo vya kupikia vya familia havikamatwi, kwa hiyo usiende na orodha ya sufuria. Mimi nilikuwa najua ana bajaji mbili barabarani, na namba zake nilizinakili kituoni. Nikaziandika kwenye maombi. Wito ulipomfikia na akaona namba za bajaji zake humo, alikuja mwenyewe kabla dalali wa mahakama, yule anayekamata mali na kuipiga mnada, hajatumwa, akaomba kulipa kwa awamu. Hakimu akaniuliza kama nakubali. Nilikubali, maana dalali naye ana malipo yake, na bajaji ya mnada haiuzwi bei ya maana.

Kwa hiyo kama mdaiwa wako hana chochote kinachokamatika, fikiri mara mbili kabla ya kufungua shauri, hata kama haki ni yako asilimia mia. Kama ana chombo cha moto, kiwanda cha tofali au friji za duka, nenda. Mgogoro wa ardhi usiupeleke huko kabisa. Huo unaanzia Baraza la Kata kwa usuluhishi, na ukishindikana ndani ya siku 30 unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mzee alilipa awamu zote kwa M-Pesa, moja tu ilichelewa. Zile gharama za shauri ambazo hukumu inamtaka alipe bado hajazigusa. Nauli ya kuzifuatilia inakaribia kuwa kubwa kuliko zenyewe, nami sijaamua kama nirudi korido ile.