Michezo ya maneno ya Kiingereza: mwaka mmoja wa kucheza nyumbani

Kilichonisukuma ni hiki: Kiingereza nakisoma bila shida, lakini nikitakiwa kukiongea maneno hayaji. Neno nalijua kabisa, ila ulimi unagoma. Binti yangu wa miaka 12 naye alikuwa vilevile. Daftari lake la msamiati lilijaa orodha alizozikariri usiku, na wiki haikuisha kabla hajazisahau. Tukakubaliana tuachane na orodha, tucheze. Mwaka umepita, tumecheza karibu kila jioni, mimi, mama yao, binti na mdogo wake wa miaka saba, na sasa naweza kusema mchezo upi unafanya kazi gani.

Tulianza na Scrabble, mchezo wa kupanga vipande vya herufi ubaoni viwe maneno. Ubao wa miraba 15 kwa 15, vipande 100, viwili kati yake vitupu, na kila mchezaji anashika herufi saba. Ukizimaliza zote saba kwa mkupuo mmoja unaongezewa pointi 50. Naupenda mchezo huu, na nimeupenda zaidi baada ya kujua ulivyotengenezwa. Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani, alihesabu herufi kwenye kurasa za magazeti miaka ya 1930 ili aone zipi zinatumika sana na zipi ni adimu. Ndiyo maana E ziko 12 na K ni moja tu. Sisi tuliozoea ka, ki na ku kila mahali tunaiona tofauti hiyo mikononi: unaitamani K, unaokota E ya tatu.

Kwa tahajia, Scrabble ni mwalimu mzuri sana. Kiswahili kinasomwa kama kinavyoandikwa. Kiingereza hakiko hivyo, na kupanga herufi za "knife" au "receipt" kwa vidole, kimoja kimoja, kunafanya ile herufi isiyotamkwa ikae kichwani. Lakini maana ni jambo jingine. Jioni moja niliweka QI mahali pazuri, pointi zikamiminika. Binti akainua macho.

"Baba, hilo ni neno?"

"Lipo kwenye kamusi."

"Sawa. Maana yake?"

Sikuwa na jibu. Tulifungua kamusi pamoja, tukakuta ni nguvu ya uhai katika fikra za Wachina. Tangu siku hiyo tuna sheria yetu: ukishindwa kulitumia neno ndani ya sentensi, pointi zako zinafutwa. Alama zimeshuka, maneno yamepanda. Na nikikumbuka kwamba Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kuongea Kifaransa, kwa kukariri maneno tu, naona sheria ile ilikuwa ya lazima. Hodari yule alikuwa anatafuta ushindi. Mimi nilikuwa natafuta lugha.

Wordle, mchezo wa mtandaoni wa kubahatisha neno, tunaucheza asubuhi, dakika chache. Neno moja kwa siku, herufi tano, nafasi sita za kubahatisha. Josh Wardle aliuachia kwa watu wote Oktoba 2021, na Januari iliyofuata The New York Times wakaununua. Mimi umenifundisha kitu kimoja tu, ila kikubwa: kuacha kutegemea irabu mwishoni. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, na wiki za kwanza kila nilichobahatisha kiliishia na E. Siku hizi nawaza -ck, -th, -ght, na hata nikisoma gazeti naziona.

Mchezo uliotubadilisha ni Taboo. Kadi ina neno juu, unalieleza hadi wenzako walitaje, na chini yake maneno matano ambayo huruhusiwi kuyataja. Mchanga wa saa ya mchanga unashuka, wenzako wanasubiri, na wewe unatafuta njia ya kuzunguka. Ukifikiria, ndiyo hali yenyewe ya mtu anayeongea lugha ya kigeni: neno limepotea, na inabidi uendelee kuongea hadi mwenzako akuelewe.

Kadi za dukani zimeandikwa kwa waliozaliwa na Kiingereza, nyingi zilitushinda. Tukakata za kwetu kwenye karatasi ngumu. Ya kwanza kuzua kelele ilikuwa "borrow". Binti aliivuta, chini yake tulikuwa tumeandika lend, give, return, money, book. Akafunga macho kidogo, kisha:

"You take it. But it is not yours. Tomorrow it goes home."

"Steal!" mama yake akapaza sauti.

"Mama, cha wizi hakirudi nyumbani!"

"Borrow!"

Kwa sentensi tatu fupi mtoto alikuwa ameeleza maana ambayo daftari lake lilishindwa kumpa muhula mzima. Na neno lenyewe lilikuwa na tatizo lake, kwa sababu sisi tunasema "niazime kalamu" na "nimeazima kalamu", kitenzi kilekile kwa anayetoa na anayepokea. Alikuwa na mazoea ya kusema "he borrowed me a pen". Baada ya kadi ile, na ya "lend" iliyofuata, sijamsikia akikosea tena.

Hapo ndipo nilipoanza kuwinda maneno ya namna hiyo, yale ambayo Kiswahili kinayashika kwa mkono mmoja na Kiingereza kinayagawa. Mkono ni "hand" na ni "arm". Mguu ni "foot" na ni "leg". Kidole ni "finger" kikiwa juu, "toe" kikiwa chini. Kwa mdogo wetu tukatumia Simon Says, ule wa kutii amri ikianza tu na maneno hayo mawili. Mara ya kwanza nilipomwambia aguse "foot" alishika paja. Nikarudia, akashika goti. Dada yake akavua kiatu na kunyanyua unyayo juu bila kusema neno. Ilitosha.

Lakini mchezo ninaoupenda kuliko yote haumo kwenye boksi lolote. Tunauita Piga. Andika kwenye vikaratasi kila kitu tunachokipiga: kupiga simu, kupiga pasi, kupiga mswaki, kupiga picha, kupiga deki, kupiga kura, kupiga chafya, kupiga miayo, kupiga magoti, kupiga mbizi, kupiga mluzi. Mmoja anavuta kikaratasi na kuigiza bila sauti, wengine wanataja kitenzi cha Kiingereza. Kutamka "beat" au "hit" ni marufuku. Mnagundua upesi kwamba kitenzi chetu kimoja kinataka maneno zaidi ya kumi: call, iron, brush, take, mop, vote, sneeze, yawn, kneel, dive, whistle. Mwili unashiriki, na nadhani ndiyo siri yake. Mama yao alipopiga pasi hewani, akalamba kidole na kujaribu kama chuma kimepata moto, hakuna aliyehitaji tafsiri. Mwenye familia yenye watoto wa umri tofauti aanze na huu.

Nilijaribu pia programu moja ya simu, siitaji jina. Ilinipa pongezi na nyota kila siku, na baada ya miezi miwili nilikuwa bingwa wa kuchagua jibu sahihi kati ya manne. Nilipokaa na mgeni nikaongea naye, manne yale hayakuwepo. Niliifuta.

Jambo moja nalisisitiza kwa anayetaka kuanza: mchezo peke yake unavuja. Tulifurahi, tukalala, na kesho yake nusu ya maneno yalikuwa yamekwenda. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus aliandika habari za kusahau tangu mwaka 1885, na dawa inayofahamika ni kulirudia neno kabla halijapotea, kisha kuongeza muda kati ya marudio. Anki, programu ya kadi za kujifunzia, inafanya hivyo kwenye kompyuta au simu, na inafanya vizuri. Sisi tulichagua boksi la viatu lenye vyumba vitatu, namna ile aliyoieneza Sebastian Leitner miaka ya 1970. Neno lolote lililomshinda mtu mchezoni linaandikwa kwenye kadi na kuingia chumba cha kwanza, kinachofunguliwa kila siku. Ukilipata linahamia cha pili, mara mbili kwa wiki. Ukilipata tena linakwenda cha tatu, Jumapili tu. Ukilikosa, popote lilipo, linarudi mwanzo. Bila boksi lile nisingekuwa na cha kuandika hapa.

Kwa hiyo Scrabble tumeibakiza kwa Jumamosi, Taboo ya kujitengenezea mara tatu kwa wiki, Piga wakati wowote watoto wakiomba, na wanaomba sana. Kadi zilizofika chumba cha tatu ni 214 leo asubuhi, nimezihesabu. "Kneel" bado iko chumba cha kwanza, wiki ya nne sasa, kwa sababu mdogo wetu anaitamka K yake kila mara. Jioni ya leo ndiyo kadi ya juu, na ameshaniambia atapiga magoti mwenyewe kabla sijamwuliza.