TAHADHARI: Krimu ya "kufuta michirizi siku 14" inayouzwa mtandaoni hapa Dar, soma kabla hujatuma hela

Habari zenu wadau. Naandika hii hasa kwa dada zetu waliotoka kujifungua maana ndo wanaowindwa sana na hawa watu. Kuna muuzaji anajitangaza mtandaoni, anasema duka lake lipo Kariakoo (ukiuliza mtaa gani anakwambia wao wanafanya delivari tu), anauza krimu ya kuondoa michirizi ya tumbo, mapaja na makalio, kopo moja elfu 65, ukichukua mawili unapewa na sabuni. Ahadi yake ni kwamba ndani ya siku 14 michirizi yote inafutika. Jamani hakuna dawa ya hivo duniani, na kilichomo kwenye lile kopo kinaharibu ngozi kuliko hiyo michirizi yenyewe.

Aliyepatwa ni wifi yangu, mke wa kaka, yuko Mbagala, kajifungua mtoto wake wa kwanza mwaka huu na ameniruhusu nieleze yote ila nisitaje jina. Aliona tangazo usiku ananyonyesha, akamwandikia yule dada, akajibiwa hapo hapo kwa maneno matamu, "mamy usijali hata mimi nilikua hivohivo baada ya kuzaa". Akaambiwa atangulize hela ndo boda atoke. Namba ya kulipia ikaleta jina la mwanaume ambalo halifanani na la duka wala la huyo dada, alivouliza akaambiwa huyo ni mhasibu. Boda kweli alikuja na mzigo ukafika, na hapo ndo wengi tunapofungwa macho, tunaona kwa vile mzigo umefika basi huyu sio tapeli.

Mimi kopo nimelishika mkononi. Jeupe, kifuniko cha dhahabu, stika ina maua na jina la duka, haisemi ndani kuna nini, hakuna tarehe ya kuisha muda, hakuna namba ya bechi, hakuna jina la kiwanda. Ila pembeni wameandika kwa herufi ndogo kwamba imesajiliwa na TFDA, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa. Sasa hapo naomba mshike hili, TFDA haipo tangu 2019, ilibadilishwa ikawa TMDA inayoshughulika na dawa na vifaa tiba, na mambo ya vipodozi na chakula yakahamia TBS, shirika la viwango. Kwaiyo mtu anayekuuzia kipodozi kipya leo kimeandikwa TFDA anakudanganya mchana kweupe, huhitaji ushahidi mwingine.

Mwanzoni ilionekana inafanya kazi, na hii ndo sehemu mbaya kuliko zote. Tumbo likawa laini, likang'aa, likawa jeupe kidogo, michirizi ikaanza kufifia kwa macho, wifi akafurahi akaagiza kopo la pili na akawatumia na picha wakaiweka statasi. Baadae ngozi ikaanza kua nyembamba mpaka vimishipa vya damu vikawa vinaonekana, inawasha usiku hapati usingizi, alafu ikatoka michirizi MIPYA, ya zambarau kama damu imevilia, kwenye kinena na chini ya matiti ambako hajawahi kua nayo hata akiwa na mimba ya miezi tisa. Alivomwandikia muuzaji akajibiwa "hiyo ni michirizi ya ndani inatoka mamy, ongeza dozi paka mara tatu kwa siku". Akaomba arudishiwe hela, akablokiwa.

Tulimpeleka kwa daktari wa ngozi. Alivomuangalia tu akauliza, umekua ukipaka mkorogo gani? Akasema zile ni dalili za steroidi kali, yani dawa za kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi, kundi la kina clobetasol na betamethasone. Zenyewe ni dawa halali kabisa, daktari anaweza kukuandikia kwa pumu ya ngozi kwa mfano, sehemu ndogo na kwa muda mfupi. Ukizipaka tumbo zima na mapaja kila siku bila kipimo zinakonda ngozi, na ngozi ikishakonda inachanika kwa ndani, yani steroidi YENYEWE ni moja ya vitu vinavyoleta michirizi! Umeuziwa ugonjwa kwa jina la dawa. Na zikipakwa eneo kubwa zinaingia kwenye damu na kuvuruga homoni za mwili, hapo hujamuweka mtoto anayelala kifuani kwa mama aliyejipaka mpaka chini ya matiti. Mimi hapo ndo nililia.

Alivotuelewesha ni hivi. Michirizi haiko juu ya ngozi, iko tabaka la ndani ambako kuna nyuzi za kolajeni na elastini zinazoshikilia ngozi isilegee, ngozi ikivutika haraka zile nyuzi zinakatika na pale panabaki kovu. Ni kama lastiki ya sketi, ikishakatikia ndani hata upige pasi juu yake haiungi. Ndo maana inatoka kwa wajawazito, kwa vijana wanaorefuka haraka wakati wa kubalehe, kwa aliyenenepa ghafla, na hata wanaume wa gym mabegani, na kama mama yako anayo na wewe uwezekano ni mkubwa. Kwa ngozi zetu inaanza na rangi iliyokolea, kahawia au zambarau, baadae inapauka yenyewe taratibu bila hata kupaka kitu. Wauzaji wanalijua hilo na sifa wanajipa wao.

Cha kusaidia kipo ila hakuna cha kufuta kabisa. Ile mipya ikiwa bado na rangi kuna tretinoini, krimu ya jamii ya vitamini A, hiyo anaandika daktari na mjamzito HARUHUSIWI kabisa, anayenyonyesha amwambie daktari mapema. Kuna leza na kuna ile ya vijisindano vidogovidogo, vinapunguza muonekano, lakini kwa ngozi nyeusi leza ikishikwa na asiyejua inakuachia madoa meusi, usiende tu saluni yoyote iliyobandika bango. Mafuta ya nazi, ya mzeituni, siagi ya kakao, pakeni yanasaidia ukavu na mwasho, ila kuzuia michirizi hayazuii. Na kama una michirizi mipana ya zambarau imetoka bila mimba wala kunenepa kwa kawaida, uso umevimba na presha imepanda, wahi hospitali, hiyo inaweza kua shida ya homoni.

Tumerudi kuikagua ile page yao vizuri mimi na wifi. Skrinishoti za "wateja" wanaoshukuru, majina tofauti, zote zinaonesha saa 9:17 na chaji asilimia 43. Picha za kabla na baada, kitovu ni kilekile na mkunjo wa shuka nyuma ni uleule, wameongeza mwanga tu basi. Ukimuuliza ndani kuna nini jibu ni moja, "mitishamba asilia haina kemikali". Muulize mtishamba gani uone kama hajakasirika.

Namba na jina la page siweki hapa maana wanabadilisha kila wakibanwa, ila wifi ametunza meseji zote na muamala na tumeshafungua kesi polisi. Na nyie mliolizwa fanyeni hivo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015 na inawahusu hawa. Namba ya simu iliyokutapeli itume pia 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu. Kopo lenyewe ripoti TBS, maana vipodozi vyenye hidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi), zebaki au steroidi vimepigwa marufuku nchini.

Kama sa hivi unasoma hii na unapaka krimu ya kopo la namna hiyo, hata kama ni ya muuzaji mwingine na unaona inakufaa, usilitupe kopo. Nenda nalo kwa daktari wa ngozi, Muhimbili wapo na hospitali za rufaa za mkoa ulizia kliniki ya ngozi. Daktari alimuonya wifi kwamba ukiacha steroidi uliyoipaka muda mrefu ngozi inaweza kuwaka moto na kua nyekundu, na watu wakiona hivo wanakimbilia kununua kopo jingine, kwaiyo uachaji wenyewe usimamiwe na daktari. Wifi sasa anapaka alichoandikiwa, mwasho umepungua, mtoto naye wamempima na wanaendelea kumuangalia. Mwenye swali aulize hapo chini au aje inbox, nitajibu wote.