Dupleksa ya ripita: ipi ununue ukiwa Kigoma

Wengi wetu wa redio za ridhaa tukipanga kufunga ripita, kituo kinachopokea mawimbi ya redio ndogo na kuyarusha upya ili yafike mbali, tunaanza na redio mbili, antena na mlingoti. Dupleksa, kichungi kinachoiwezesha transmita na risiva kutumia antena moja kwa wakati mmoja, tunaikumbuka mwisho, pesa ikiwa imeshakata. Anza nayo.

Kazi yake ni ngumu kuliko umbo lake. Transmita inarusha kwenye megahezi 145.600 na, kwa antena hiyohiyo na dakika hiyohiyo, risiva iliyo kwenye 145.000 inatakiwa imsikie mtu wa Ujiji mwenye redio ya mkononi na betri inayokaribia kuisha. Ni kama kumsikiliza mtu anayenong'ona gatini huku honi ya meli ya Liemba inalia juu ya kichwa chako. Risiva isipokingwa inakuwa kiziwi kila transmita inapowaka.

Kabla ya kuuliza bei, uliza pengo kati ya masafa ya kurusha na ya kupokea. Kwenye bendi ya mita 2 (VHF, karibu na megahezi 145) huku Kanda ya 1 ya IARU, umoja wa kimataifa wa redio za ridhaa, tunatumia kilohezi 600 tu. Kwenye bendi ya sentimita 70 (UHF, karibu na megahezi 435) unaweza kupata megahezi kadhaa. Pengo likiwa dogo, makopo, yaani vyumba vya chuma vinavyochuja masafa ndani ya dupleksa, lazima yawe makubwa na mazuri, na hapo ndipo pesa inapoishia.

Namba 1: ya UHF, yenye makopo ya kupitisha na kuzuia. Najua wakongwe watanuna. Lakini urefu wa kopo hufuata robo ya wimbi, na kwenye megahezi 435 hiyo ni kama sentimita 17, wakati kwenye 145 ni zaidi ya nusu mita. Ya UHF inasafiri ndani ya begi, na pengo la megahezi 5 au zaidi linasamehe makosa mengi ya fundi. Kwa mji wa Kigoma na ziwani, ambako antena iliyo kilimani inaona mbali, UHF inatosha. Iwapo kilima chako kina minara ya simu na redio FM, usichukue ile bapa inayozuia masafa mawili tu; hiyo inaacha takataka nyingine zote zipite. Kama kilima ni kitupu, ile bapa ya makopo sita madogo inafanya kazi vizuri. Mara nyingi huandikwa wati 50. Mimi nisingeipa zaidi ya 25.

Namba 2: makopo manne au sita makubwa ya VHF, yaliyotumika. Hiki ndicho chombo chenyewe cha mita 2. Yawe ya kampuni ya Sinclair, Wacom au Procom: yakiwa hayajabonyea, umri si tatizo. Fungua uangalie fimbo ya kutuni. Iwe ya Invar, aloi ya chuma na nikeli isiyotanuka ovyo, maana kibanda cha bati mwezi wa Septemba mchana si mahali pa mzaha. Vipande vya kebo vinavyounganisha makopo navyo ni sehemu ya kifaa na urefu wake umepimwa, kwa hiyo muuzaji akikuambia "hizo utatengeneza mwenyewe", punguza bei au ondoka. Ukilazimika kuzibadilisha, tumia RG-400, RG-142 au RG-214. RG-58 ya kawaida inavuja.

Namba 3: antena mbili, bila dupleksa kamili. Ukizitenganisha mita 10 wima kwenye mlingoti mmoja, kwa hesabu unapata kama desibeli 55 za kinga kwenye mita 2. Hazitoshi, utaongeza kopo moja au mawili kila upande. Faida ni kwamba unaweza kuanza na ulichonacho.

Usinunue: kijisanduku cha VHF cha makopo madogo kwa pengo la kilohezi 600. Mimi nilikinunua. Muuzaji aliandika "imetuniwa 145", kikaja kwa basi kutoka Dar kimefungwa kwa gazeti. Nilipoingiza wati 40 zilitoka 10. Zilizobaki ziligeuka joto. Mashimo mawili, yaani masafa mawili kinayoyazuia, yalikuwa karibu sana hata kikawa kinazuia kile kinachotakiwa kupitishwa. Vijisanduku hivyo vimetengenezwa kwa mapengo ya megahezi kadhaa, na kwa hayo havina ubaya.

Chochote utakachochagua, kwenye bajeti weka NanoVNA, kipimo kidogo kinachochora kwenye kioo masafa yanayopita na yanayozuiwa. Inapatikana chini ya dola 100. Dupleksa iliyosafiri kwa basi au treni ya kati haifiki ikiwa imetuni, hata muuzaji aape.

Kutuni kwenyewe ni subira. Sawazisha kipimo kwanza, na tundu usilolipima lifunge kwa mzigo wa omu 50. Upande wa transmita upitishe 145.600 na uzuie 145.000, upande wa risiva ni kinyume chake. Fimbo kubwa inahamisha kilele, yaani masafa yanayopitishwa, skrubu ndogo inahamisha shimo, na ukigusa moja nyingine inasogea, hivyo unarudi mara tatu nne. Halafu nati ya kufungia. Ukiikaza, shimo linahama mbele ya macho yako. Nimejifunza kuacha shimo pembeni kidogo ili nati ilivute lenyewe hadi mahali pake.

Fahamu pia kwamba NanoVNA ya kawaida inaona uzuiaji wa hadi kama desibeli 70 kwenye VHF, na makopo manne mazuri yanapita hapo. Shimo likizama kwenye nyasi za chini ya kioo, yaani kelele za kipimo chenyewe, usiendelee kulifukuza. Tuni kopo mojamoja, kisha unganisha.

Jaribio la mwisho ni la masikio. Mtume mwenzako Ujiji na redio ya mkononi, apunguze nguvu mpaka sauti yake ianze kuchanganyika na mchakacho wa risiva. Msikilize kwenye risiva transmita ikiwa imezimwa, kisha iwashe. Mchakacho ukiongezeka, rudi kwenye makopo. Usipoongezeka, mpigie aje.