Daftari la ujumbe wa simu lenye nakala: baada ya miezi minane mapokezini

Nafanya kazi mapokezi. Anayetafutwa akiwa hayupo, simu yake naipokea mimi, na kwa miaka mingi ujumbe niliuandika kwenye vikaratasi vya kunata. Siku moja niliandika: "Mkutano ni kesho asubuhi." Mwenyewe alikikuta kikaratasi siku iliyofuata, akahesabu kesho yake, mkutano ukampita. Iliniuma sana. Ndipo nikaomba tununuliwe daftari hili.

Kila ukurasa una nafasi 4 za ujumbe. Kipande cheupe unakichana na kumpelekea mhusika, nakala ya njano inabaki. Ninachokipenda zaidi ni mistari iliyochapwa tayari: kwa nani, tarehe, saa, kutoka kwa nani, namba ya simu, kisha visanduku vya kutia alama: amepiga, amefika, atapiga tena, apigiwe. Nikiona mstari uko wazi na mtu bado yuko kwenye simu, namuuliza palepale. Zamani nilikuwa nikishakata ndipo nakumbuka sikuchukua namba. Kwenye saa naongeza "asubuhi" au "mchana", maana kuna wanaoisoma saa 8 kama saa 2 asubuhi.

Nakala imetuokoa. Mwenzangu alipoteza kipande chenye namba ya mteja. Tulirudi nyuma kurasa mbili, namba ikapatikana.

Ila ujue kalamu ya kutumia. Nyuma ya karatasi ya juu kuna vidonge vidogo mno vya rangi vinavyopasuka ukikandamiza. Kalamu ya jeli inateleza tu, nakala inatoka hafifu. Chukua bolpeni ya kawaida. Na ile kadi ngumu ichomeke chini ya nakala kabla hujaanza. Mwanzoni sikuichomeka, maandishi yakajichapa mpaka kurasa za mbele.

Sehemu ya ujumbe wenyewe ni mistari 3, na kwangu inatosha: "Amekubali bei. Anahitaji sahihi yako kabla ya Ijumaa tarehe 14, saa 6 mchana." Kinachonikera ni mstari wa jina la aliyepokea. Wameubana pembeni kabisa, wenzangu wengi wanauruka, na mhusika akiwa na swali hajui amfuate nani. Toleo lijalo waupanue. Kwa sasa jina langu naliandika chini ya ujumbe, kwa herufi kubwa.