Sindano nyembamba au nene?

Titi lililokwisha kupasuliwa na kupigwa mionzi lina ujanja wake: kovu na mafuta yaliyokufa huweza kufanya uvimbe mgumu unaofanana na saratani iliyorudi. Ndiyo maana unaitwa tena kuchomwa sindano, itolewe sampuli ya kupimwa.

Sindano nyembamba haina makuu. Inafyonza chembe hai chache, majibu hayakawii. Ila kwenye kovu gumu huweza kutoka mikono mitupu.

Ile nene, unapigwa ganzi kwanza, daktari anaifuata kwa ultrasaundi, kisha unasikia "ta!" kama stepla. Inatoa vinyama vyembamba kama tambi. Humo hupimwa upya vipokezi vya homoni (sehemu za chembe za saratani zinazopokea homoni) na HER2 (protini inayoweza kuichochea saratani ikue), maana saratani ikirudi huweza kuwa imebadilika, na dawa nazo zikabadilishwa. Mimi ningechagua hii, hata titi livilie damu wiki nzima.