Dawa imezuia meno ya binti yangu yasiendelee kuoza, lakini hakuna aliyeniambia yangekuwa meusi

Nimeahirisha kuandika haya kwa majuma kadhaa nikisubiri hasira ipungue, na kwa kuwa haijapungua, nimeamua kuandika hivyo hivyo. Binti yangu, aliyekuwa anakaribia kutimiza miaka minne, alipakwa dawa ya majimaji yenye madini ya fedha na floraidi ili kuzuia kuoza kwa meno. Hakuchomwa sindano ya ganzi wala hakutobolewa jino. Nilimpakata, daktari akayakausha meno kwa pamba, akachovya kibrashi kidogo, akagusa sehemu zilizooza, na kazi ikaisha kabla mtoto hajapata sababu ya kulia. Nilitoka pale nikimsifu daktari huyo kwa kila niliyekutana naye.

Siku ya pili binti yangu alicheka, nikaona meno yake manne ya mbele yamekuwa meusi tii.

Nilidhani nimemdhuru. Nilimsugua kwa mswaki hadi akalia, jambo ninalolijutia mpaka leo, kwa sababu weusi ule haukuwa uchafu na hakuna mswaki ambao ungeuondoa. Niliporudi kliniki, daktari hakuinua hata macho kutoka kwenye karatasi zake. Alisema, "Mama, ukiona weusi ujue dawa imeshika. Hayo ni meno ya utoto, yatang'oka tu." Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia mapema, alijibu kwamba ningekataa, kisha akaita mgonjwa aliyefuata.

Jibu hilo ndilo linaloniuma kuliko weusi wenyewe. Nani alimwambia kwamba ningekataa? Kwa miezi mingi nilikuwa nikimtazama mtoto akitafuna upande mmoja, akisukuma kikombe cha maji baridi, akiacha chakula nusu na kununa bila kuweza kueleza anachohisi. Kama ningeambiwa kwamba magego yatapona kwa gharama ya kuwa meusi, ningekubali papo hapo. Kuhusu meno ya mbele ningeuliza maswali mawili matatu, na hiyo ni haki yangu. Meno hayo hung'oka mtoto anapofika miaka sita au saba, maana yake ni kwamba atakaa nayo miaka miwili au mitatu zaidi, na ataanza nayo shule.

Nikiwa mkweli, dawa yenyewe siwezi kuilaumu. Imetumika Japani kwa miongo mingi, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Fedha huua bakteria, floraidi huimarisha jino, na ile sehemu laini iliyooza hugeuka kuwa ngumu na nyeusi, ilhali sehemu ya jino isiyooza hubaki na rangi yake. Hata daktari yule, kwa haki yake, alikagua kwanza kama kuna jipu au maumivu yanayokuja yenyewe usiku, kwa kuwa jino lililofikia hatua hiyo halitibiwi kwa kupakwa tu. Aliyajua yote hayo. Kunieleza kungemchukua dakika mbili.

Kuna hojaji ya maswali 13 ambayo wataalamu huwauliza wazazi ili kupima jinsi kinywa kinavyoathiri maisha ya mtoto ambaye hajaanza shule: kama anakula, kama analala, kama anaepuka kutabasamu au kuzungumza, na hata kama mzazi anajisikia hatia. Ningeulizwa leo, majibu yangu yangegongana. Binti yangu anakula kwa pande zote mbili, anakunywa maji baridi, na kununa kumekwisha. Lakini tangu mtoto mwenzake alipomuuliza kwa nini hapigi mswaki, anacheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Na hatia ninayo, tena nyingi.

Hasira yangu ilipanda upya nilipoonana na daktari mwingine, ambaye alinieleza kwa upole kwamba weusi wa meno ya mbele unaweza kufunikwa kwa dawa ya kuziba yenye rangi ya jino, mara nyingi bila kutoboa chochote. Kwa hiyo njia ilikuwepo, na mtoto wangu akaachwa hivyo hivyo kwa sababu mtu fulani aliona kwamba tabasamu la mtoto mdogo si jambo la kuzungumzia.

Nilianza kuandika nikikusudia kuwaambia wazazi waikimbie dawa hii. Sasa nikikumbuka jana, jinsi alivyomaliza sahani yake bila kubembelezwa, siwezi kusema hivyo. Muda wa kupakwa mara ya pili umekaribia, kwa kuwa kwa kawaida hurudiwa baada ya miezi sita. Nitampeleka kwa daktari wa pili. Magego yapakwe, ya mbele yafunikwe kwanza.